Teke la Namunyak

Ndani ya probox ya abiria ya kutoka Kitengela, Celine aliketi katikati ya wazee wawili wasiojuana, akijifanya anasoma simu.

Mzee Kuntai, mzee wa kanisa, alikuwa ametangaza kwamba kesho wanamchinja Namunyak, ng'ombe wake mkongwe, kwa ubatizo wa mjukuu.

“Usichinje, mzee,” akasihi Mama Hansa, Mhindi mwenye duka la vitambaa. “Roho hurudi na mwili mwingine. Pengine huyo ni mtu wenu.”

“Mama, sisi tunakufa mara moja, tunangoja ufufuo. Mamangu ako kwa Yesu.”

“Sawa. Ng'ombe ako na tabia gani?”

“Mpole sana. Hupiga teke mimi peke yangu, nikichelewa kurudi nyumbani.”

“Na mamako alikuwaje?”

Mzee akajipapasa muundi. Celine akaiuma skafu yake asicheke, machozi yakamtoka.

Gari liliposimama Isinya, mzee alishuka akipiga simu. “Biblia iko wazi, hakuna kurudi,” alifoka. “Lakini Namunyak msimguse. Tafuteni mbuzi.”

Mama Hansa akatoa kichwa dirishani. “Mzee! Mbuzi naye hupiga teke nani?”