Mama Cheche, Fundi Aliyeuliza Bega Litasemaje

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchomelea vyuma katika karakana ya ushirika wetu, Mama Cheche anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sentensi hiyo nimeiandika kwa shingo upande. Mimi ndiye mtunza stoo, na miaka yote hiyo nimekuwa nikivutana naye kwenye dirisha dogo la stoo kuhusu mabamba ya chuma na vijiti vya kuchomelea. Nikimwambia bamba nene limekwisha, alikuwa ameshaliona nyuma ya mgongo wangu. Sasa sijui nitabishana na nani.

Alikuja hapa akiwa msichana mwembamba, fundi wa kike peke yake katika karakana nzima. Siku yake ya kwanza, cheche ziliruka zikaunguza kilemba chake. Watu wakapiga kelele. Yeye alikizima kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiendelea na kazi, wala mstari wa weldi haukupinda. Msimamizi wa wakati ule akambatiza Binti Cheche. Alipoolewa na kupata mtoto, cheo kikapanda, akawa Mama Cheche, na hadi leo wapo wateja wasiojua kama ana jina jingine.

Mumewe ni fundi cherehani. Hapa kazini tunasema nyumba ile haiwezi kuchanika, maana baba anashona nguo na mama anashona vyuma. Shemeji yetu huyo ndiye amekuwa akimfungia chakula cha mchana miaka yote, kwenye bakuli la bati lenye mfuniko, na bakuli hilo lina habari yake ambayo nitaieleza.

Amejenga mageti, ameunda matela, amefufua majembe ya trekta ambayo wenyewe walikuwa wameshayatupa. Lakini kilichompa jina mpaka watu wakawa wanasafiri kutwa nzima kumfuata ni vijiko vya mbele vya matrekta. Kwa asiyejua, trekta la shamba huwa na mikono miwili ya chuma mbele, na mwisho wa mikono hiyo kuna kijiko cha kuzolea mchanga na samadi. Mikono hiyo imeundwa kwa mizigo ya wastani. Ila mkulima naye ni binadamu. Leo kijiko kimeinua mchanga, kesho anataka kiinue gogo, keshokutwa tangi la maji lililojaa hadi juu. Mikono inapinda, inapata ufa, na trekta linaletwa kwetu likiwa limeinamisha uso kama mgeni aliyevunja kikombe.

Mafundi wengi hubandika bamba nene juu ya ufa, wakapaka rangi, mchezo ukaisha. Msimu haujapita, mkono unakatika tena, na safari hii unakatika pale pale bamba linapoishia. Mama Cheche aliliona hilo mapema. Bamba lililokatwa mraba, alisema, linafanya kazi ya patasi. Kwa hiyo ya kwake aliyakata yakachongoka polepole kama jani, ili uzito usikome ghafla mahali pamoja. Na hakuishia hapo. Alikuwa na msemo wake ambao kila aliyepita mikononi mwake anaujua kwa moyo: ukiupa mkono nguvu, uliza bega litasemaje. Bega ni ile nguzo inayoshika mikono kwenye mwili wa trekta. Akishaimarisha mkono, alikwenda begani, akabadilisha pini na bushi zilizolika, kutoka begani akavuta vyuma viwili chini ya tumbo la trekta hadi kwenye ekseli ya nyuma, na mwisho kabisa akaning'iniza uzito nyuma ili trekta lisije likasimama kwa pua. Wateja walimbembeleza awaongezee presha ya mafuta kwenye mitambo ya kuinulia, maana hiyo ni kazi ya dakika chache na mtu anaondoka akijisikia mfalme. Alikataa katakata. Alisema huwezi kumpa kiumbe hasira kabla hujampa mifupa.

Sasa habari ya bakuli. Trekta lolote likitoka mikononi mwake lilipakiwa vyuma chakavu kijikoni, zaidi ya mzigo ambao mwenyewe angewahi kubeba, kikainuliwa juu, injini ikazimwa. Mtu kupita chini ilikuwa mwiko. Hata kuku alifukuzwa. Kilichokaa chini ni chakula chake cha mchana. Liliachwa hapo bakuli la shemeji mpaka saa ya kula, na kama kijiko hakijashuka, alilitoa kwa fimbo ndefu, akala, ndipo mteja akakabidhiwa trekta lake. Alisema kazi ambayo huwezi kuiamini na chakula chako, usimpe mtu aiamini na maisha yake. Mara moja tu bakuli lilifinywa likawa sahani. Weldi zote zilikuwa salama. Mpira wa ndani ya silinda ndio uliokuwa unavujisha mafuta. Mama Cheche alishinda njaa na hasira zake, na jioni shemeji akatuma salamu kwamba bakuli lile lilikuwa zawadi ya harusi na anataka kujua karakana inalipa nini. Tulicheka wiki nzima. Mpira ukabadilishwa, na mwiko ukabaki pale pale.

Nimefika mahali ambapo Mama Cheche aliniomba niparuke. Alikuja dirishani akaniambia niandike habari za kazi, za mtaroni niziache. Mama, nisamehe. Kuandika wasifu wako bila habari ile ni kupika bila moto.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Trekta moja lilikuwa limemaliza kutengenezwa asubuhi ile; rangi ya bega lake la kushoto ilikuwa ndiyo kwanza imekauka, na chakula cha jaribio bado kilikuwa mezani. Tukasikia kishindo barabarani. Lori la maziwa lilikuwa limeteleza kwenye kona, likalala ubavu mtaroni, na dereva wake alikuwa chini ya kichwa cha lori, amebanwa miguu yote miwili, maji ya mvua yakipita kifuani mwake. Dereva yule tulimpenda sote. Alikuwa mtani wa Mama Cheche. Kila akipita alimwita mama mkwe na kumuuliza lini atakabidhiwa mchumba, ilhali binti mwenyewe alikuwa bado darasa la tatu. Siku ile hakuita mama mkwe. Aliita mama tu.

Kreni ilipigiwa simu, wakasema itafika jioni. Maji yalikuwa yanapanda. Kila mmoja wetu aliyasoma yale maji. Jamani, hakuna kitu kibaya kama kusimama watu kumi na tano wenye nguvu na kukosa pa kushika.

Mama Cheche ndiye aliyeanza kutoa amri, na kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza vijiti. Koki ya tangi ifunguliwe, maziwa yamwagike, lori lipungue uzito. Mtaro ukawa mweupe hadi kule chini. Ile injini mbovu niliyokuwa nimeitunza nyuma ya stoo niiuze ifungwe minyororo nyuma ya trekta iongeze uzito. Nilifungua mlango mwenyewe bila neno, na anayenijua ajue hilo lilikuwa jambo. Trekta lisogezwe ukingoni mwa mtaro, na mnyororo mwingine ufungwe kutoka kijikoni hadi kwenye kichwa cha lori. Magogo mafupi yaletwe, yapangwe kwa unene. Dereva wa trekta, mtu ambaye kwa kawaida mdomo wake haupati likizo, aliambiwa asitazame lori wala mtu, atazame mkono wa Mama Cheche peke yake: kiganja kikifunguka ainue, kikifumba asimame.

Kisha akavua viatu, akashuka mtaroni, akaingia chini ya mzigo.

Nataka mwenzangu unayesoma uelewe tulichokiona. Mwanamke aliyefukuza kuku chini ya kijiko alilala kwenye maji chini ya lori, na kilicholishika lori lile ni mikono ambayo hakuwa ameijaribu hata kwa bakuli. Ukweli ni kwamba lazima mtu aingie. Lori likiinuliwa bila kutegwa magogo, mnyororo ukiteleza kidogo tu, dereva wa lori angesagwa pale alipo. Wanaume tulijitokeza, na mimi mmoja wao. Alituambia turudi nyuma. Alisema sisi tunaweza kuyaona mabega kwa macho, yeye peke yake anajua yameshonwaje, na kama bega litalia, yeye ndiye atakayeelewa limesema nini.

Kiganja kikafunguka. Trekta likanguruma, matairi ya mbele yakabonyea, rangi mpya begani ikaanza kupasuka vipande vipande. Lori likapanda unene wa kidole. Kiganja kikafumba, gogo likaingia. Kikafunguka tena. Begani kukatoka mlio mrefu wa chuma kinachojinyoosha, tukashika vichwa. Yeye alitulia, akasikiliza, uso wake ukiwa juu ya maji kidogo tu, shavu kwa shavu na dereva wa lori. Kisha kiganja kikafunguka. Loo! Mpaka leo nikikumbuka kile kiganja kilichofunguka, nywele zinanisimama. Gogo jingine likaingia, na jingine, halafu tukaona mkono wa dereva umemkumbatia shingoni, na wote wawili wakitoka matopeni wanavutwa kwa kamba. Aliyekuwa kimya alilia, na aliyekuwa analia akacheka.

Baadaye nilimkuta amekaa juu ya ndoo nyuma ya stoo, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Aliniambia alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuipata maishani. Mikono ya trekta hakuwa na wasiwasi nayo. Alikuwa anaogopa bega la kushoto, kwa sababu alilimaliza asubuhi ile akiwa na mafua na macho yanatoa machozi. Kwa hiyo alipolisikia linalia, alikuwa anasikiliza kazi yake mwenyewe, na aliamua kuiamini. Tulipolikagua bega lile baada ya kukwangua rangi, hatukuona ufa, hata wa unywele. Trekta lilirudishwa ndani, likapakiwa vyuma, na bakuli likawekwa chini yake kama kawaida. Mwenye trekta aliomba alichukue tu hivyo hivyo, kwani limeshajaribiwa na lori zima. Alijibiwa kwamba lori halikuwa jaribio, lilikuwa dharura, na asubiri saa ya kula kama wateja wengine.

Tangu siku ile ushirika ulimfanya mkuu wa karakana. Mafundi aliowafundisha sasa wana karakana zao, na ukipita huko utaona mabamba yaliyochongwa kama majani na utasikia msemo wa bega. Alileta sheria ya miwani kwa kila anayeshika grenda, na alinifundisha mimi, mbishi niliyeshindikana, kwamba bamba likikaa stoo halimsaidii mtu. Wabishi wenzangu wa stoo mtanielewa jinsi ilivyoniuma kukubali.

Dereva wa maziwa alikaa hospitali miezi mingi. Daktari alisema mguu mmoja labda utapona, wa pili hawezi kuahidi. Nilikwenda kwake wiki iliyopita kumwomba aseme machache kwenye hafla ya kumuaga mama mkwe wake. Mtu mwenye utani wote ule alitazama miguu yake, akasema maneno hana. Ila siku hiyo ataliacha lori nyumbani. Kutoka kwake hadi hapa ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na hivyo ndivyo atakavyokuja.

Mama Cheche, kwa niaba ya karakana, ushirika, na kila aliyewahi kusimama karibu na trekta lako akarudi nyumbani mzima, tunasema ahsante sana. Nenda kapumzike na shemeji yetu, afya iwe tele na mchana uwe mrefu. Siku ya hafla, saa nne au saa tano hivi, mtu mwenye vumbi magotini ataingia getini. Tafadhali usijifanye unatafuta kitu kwenye mkoba. Inua macho umtazame anavyotembea.