Jiwe Linaloelea

Katika Hiace ya kutoka Geita kwenda Buseresere, Mama Vaileth alipakata kiroba kikubwa, chepesi kama pamba. Mchimbaji aliyekaa naye akamwamkia, kisha akauliza ni nini.

"Jiwe. Linaitwa perlaiti. Wanalikaanga, linafutuka kama bisi. La kuoteshea miche ya nyanya."

Mchimbaji akaazima kifuniko cha chupa ya chai ya mama, akatia punje chache za kirobani na maji, akazungusha kama anaosha dhahabu. Zikaelea. "Mama, wamekupiga! Jiwe la maana linazama."

"Hilo linalozama ndilo mnaloliosha kwa zebaki mpaka kisima chetu hatukigusi!" Mama Vaileth aliwaka. Konda akazima redio asikie vizuri. "Hili linanitunzia maji, na msimu ukiisha nalisafisha, nalitumia tena. Nyie shimo likiisha dhahabu mnaliacha wazi, ng'ombe wetu watumbukie!"

"Dhahabu inasomesha watoto, mama."

"Na watakunywa nini?"

Mchimbaji akacheka, akamwaga maji yote, akamrudishia mama kifuniko kikiwa na punje ndani. Kikakaa kwenye jua la dirishani mpaka Buseresere, mchimbaji alikoshuka bila kuaga. Mama Vaileth akazibonyeza punje.

Kidole kikalowa.