Kitambaa cha Jilala

Benchi la Mustapha muuza kahawa liko barazani kwa ghala la ushirika lililofungwa, pale Bariadi malori ya pamba yanapokata kona. Tangu ushirika uanguke na wanunuzi binafsi wamiminike na mizani zao, hapo ndipo wasio na kazi wanapowafundisha kazi wenye kazi. Mwaka ule kampuni za simu zilikuwa zinashindana kusimamisha minara, na mmoja uliota nyuma ya ghala lenyewe, mita sitini za chuma kitupu, basi benchi likapata shughuli mpya ya kutazama juu mpaka shingo ziume. Siku hiyo, saa nane mchana, kule juu kabisa kulikuwa na mtu aliyepanda tangu saa nne asubuhi. Alikuwa anapunga kitambaa chekundu.

— Anapunga tena, akasema Redio Mbao.

Huyu jina lake ni Josia, fundi cherehani. Alipewa la pili baada ya kutangaza msiba wa mtu aliyekuwa sokoni akinunua chumvi.

— Anajipepea, akasema Mizani. Kule juu jua liko karibu.

Na huyu ni mzee Bujiku, aliyewapimia wakulima pamba miaka ishirini. Kazi iliondoka na ushirika, jina likabaki. Methali anazijua zote, ila hajawahi kuuliza zinafanya kazi gani.

— Saa nzima anajipepea? akauliza Mustapha huku akimimina. Injinia, hebu tuambie wewe mwenye mnara wako.

Mhoja, aliyekaa mwisho wa benchi, akainamia kikombe chake.

Walimwita Injinia kwa sababu alivaa kofia ngumu ya njano na hakulikataa jina. Uinjinia hakuwa nao. Alikuwa mpanda minara wa miaka sita, na aliyekuwa juu ni Jilala, shemeji yake, mume wa dada yake Nyanjige. Kazi hiyo wanapanda wawili, mmoja akifunga vyuma na mwenzake akimtazama, na Mhoja ndiye aliyemwingiza Jilala humo, akamwahidi dada yake kwa kinywa chake kwamba mumewe hatapanda peke yake hata siku moja.

Asubuhi hiyo Jilala alipanda peke yake. Mhoja alifika kidato cha arobaini cha ngazi, akakumbatia chuma, akashuka akisema tumbo linamkata. Hakuwa na tumbo wala nini. Miezi miwili nyuma, kule Maswa, kidato kilimponyoka mguuni, akaning'inia kwenye mkanda muda ambao ugali ungeiva, na tangu siku hiyo kila akiinua mguu mwili unakataa. Hakumwambia mtu. Jilala alimcheka, akamwambia kanywe uji, akaendelea kupanda. Kiongozi wao alikuwa ameondoka na gari kwenda Shinyanga kufuata vifaa, arudi kesho.

— Mimi namsimamia kutokea hapa, akasema Mhoja. Kwa mbali mtu anaonekana vizuri zaidi.

— Gete, kweli kabisa! akasema Mizani. Ndiyo maana wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Injinia anafuata wahenga.

Wakacheka. Mhoja naye akacheka bila kutazama juu.

Maana yeye alijua kitambaa kinasema nini. Kikipungwa mara moja, vuta kamba. Mara mbili, legeza. Kikipungwa mfululizo bila kukoma, maana yake siwezi kushuka mwenyewe, nifuate. Hiyo ya tatu walifundishana wakicheka, na hawakuwahi kuitumia. Sasa ilikuwa inapungwa saa nzima.

— Lakini hawa si walikuwa na filimbi? akauliza Mustapha. Kama ana neno si apulize?

— Filimbi tulimnyang'anya sisi, akasema Mizani, na kifua kikapanda. Jumatatu ya juzi. Alipuliza mara tatu, priii, priii, priii. Sisi walinzi wa sungusungu tukajua ng'ombe wa mtu wameondoka. Nilitoka na rungu nimeacha ugali mezani! Wengine na pinde, wengine wametokea mashambani huko wanakimbia. Tukauzingira mnara. Kumbe bwana mkubwa anaomba alegezewe kamba.

— Na wewe ulitaka kupanda umpige, akasema Mustapha.

— Nilikuwa nimeshashika chuma! Kamanda wetu akasema filimbi hapa ni ya ng'ombe tu. Mgeni akitaka kuongea na mwenzake, apunge kitambaa. Tukaichukua. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Sasa alikuwepo, akasema Redio Mbao.

— Alikuwa juu. Juu siyo kuwepo.

Upande wa Serengeti kukanguruma. Wote wakageuka. Wingu lilikuwa limejikusanya huko, jeusi chini, na upepo wa kwanza ukapita ukiinua vumbi na pamba zilizodondoka njiani. Mvua ya kulimia ilikuwa imechelewa wiki tatu. Watu walikuwa wameshatia mbegu kwenye udongo mkavu kwa kubahatisha.

Mhoja akatazama juu. Kitambaa kilikuwa kinapungwa polepole sasa. Mkono umechoka, akawaza. Au misuli ya miguu imekaza, au ndoano ya mkanda imenasa na hawezi kuifungua bila mtu wa kumshikilia. Chuma kile kikilowa kinateleza, na radi ikitafuta kitu kirefu Bariadi nzima haitahangaika sana. Alijua yote hayo, na makalio yake hayakuondoka kwenye benchi. Aibu ilimwasha mwili mzima, na bado hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

— Mimi nitawaambia anafanya nini, akasema Redio Mbao kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwa habari za uhakika. Anahesabu ng'ombe.

— Ng'ombe wa nani?

— Wa kila mtu. Kule juu anaona mpaka Mwamapalala. Wewe Mizani kwa mtendaji umeandikisha kumi na wawili, sivyo? Yeye anaona arobaini. Akipunga kitambaa mara moja, ni ng'ombe mmoja.

Mizani akageuka. Akatazama upande wa kwao.

— Mbona anapunga sana? akauliza.

— Si ndiyo hapo! Amefika kwenye zizi lako.

— Acheni, akasema Mustapha. Ng'ombe wanahesabiwa kwa macho, mnara wa nini? Mnara ni wa simu. Na simu inataka moto. Mmewahi kujiuliza moto huo unatoka wapi, maana nguzo ya umeme pale haijafika? Ni radi. Wanangoja radi ipige, chuma kiimeze, simu zifanye kazi mwaka mzima.

— Na mtu wa juu?

— Chambo, akasema Mustapha. Samaki humpati bila chambo. Radi inapenda nyama.

— Siyo kweli! akasema Mhoja.

Ilitoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. Kahawa ikammwagikia gotini.

— Basi tuambie kweli, Injinia. Anapunga nini?

Wote watatu wakamtazama. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akilitoa tu, swali linalofuata litakuwa moja, na hakuwa na jibu lake.

— Anakausha jasho, akasema.

— Mmesikia? akasema Mizani. Jasho! Mwongo huyu, au naye hajui. Mimi nimekaa natazama. Lile wingu lilikuwa linakuja huku. Tangu aanze kupunga, limesimama. Tazameni wenyewe.

Wakatazama. Wingu kweli lilikuwa kama limesimama, jinsi mawingu yanavyosimama ukiyakodolea macho.

— Anaifukuza mvua, akasema Mizani, akasimama. Mbegu zangu eka nne ziko chini zinapikwa, na huyu anafagia mvua yangu kama takataka. Wiki tatu! Mnara umesimama lini?

— Wiki tatu, akasema Redio Mbao, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa maneno ya kinywa chake.

— Haya. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Napiga mwano.

Mwano, ule ukelele wa kuwaita sungusungu, ukipigwa, hakuna anayeuliza kuna nini. Unatoka na ulichonacho mkononi, maana asiyetoka atatozwa faini na kununiwa. Mhoja aliwaona tayari, watu mia mbili chini ya mnara, wamekerwa na ukame, wanatikisa chuma na kurusha mawe kwa mtu asiyeweza kushuka. Mizani alikuwa ameshaiweka mikono mdomoni, kifua kimejaa pumzi.

Mhoja akamshika mkono.

— Mzee Bujiku, usipige. Nakuomba, baba.

— Kwa nini nisipige?

— Usipige tu.

— Mwadila, akasema mtu nyuma yao.

Mizani akashusha mikono. Salamu haikatwi, hata kama mvua imeibwa.

— Mwadila, mayu.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kibuyu cha maziwa mgando kichwani na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Ameshuka sasa hivi kwenye lori la pamba kutoka Mwandoya. Mhoja akaachia mkono wa mzee.

— Mhoja, akasema Nyanjige. Nimekutafuta pale kwenye uzio wa mnara wenu, naambiwa uko kwenye kahawa.

— Karibu, dada. Habari za nyumbani?

— Nzuri. Watoto wazima.

Akatua kibuyu. Akafuata macho ya watu, akatazama juu, akaweka kiganja juu ya nyusi. Kitambaa kikainuka, kikabaki hewani kidogo, kikashuka. Hakikuinuka tena upesi. Midomo ya Nyanjige ikasogea kama anayehesabu watu.

— Yule ni Jilala, akasema.

— Ni yeye.

— Yuko peke yake.

Mhoja akaivuta kofia machoni. Radi ikanguruma, karibu zaidi safari hii.

— Kaka, akauliza Nyanjige, na hakuinua sauti, sasa wewe mbona uko chini?

Mizani, ambaye ana methali ya kila jambo, alifungua mdomo akaufunga. Redio Mbao akatazama viatu vyake. Mustapha alikuwa ameinamisha birika kwenye kikombe kilichojaa, kahawa ikamwagika mezani na hakuna aliyemwambia. Wote walimtazama Mhoja, wakaiona ile kofia ya njano, wakautazama mnara, wakamtazama tena.

— Naogopa, akasema Mhoja. Nyanjige, naogopa. Tangu Maswa. Siwezi hata kidato cha hamsini. Anapunga kwa sababu hawezi kushuka, ananiita mimi, na mimi nimekaa hapa nakunywa kahawa.

Machozi yakamtoka mbele ya wanaume wenzake. Hakuyafuta.

Nyanjige alimsogelea. Mtu angedhani atampiga, na Mhoja mwenyewe angeshukuru. Badala yake aliinama, akaichukua kofia iliyokuwa inateleza, akaikalisha vizuri kichwani mwake na kumfunga kamba yake kidevuni kama anavyowafunga watoto wake.

— Sasa ogopa, akasema. Lakini ogopa huku unapanda.