Fundi wa Injini, Si Msaidizi wa Stoo

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na wenzake wa gereji, historia hii ya mama yetu inasomwa na binti yake wa mwisho kwa niaba ya familia, na kabla hajaanza anaomba ieleweke kwamba nakala iliyopitishwa jana na kamati ya mazishi anayo mkononi, ameiheshimu kwa kuikunja vizuri, na hataisoma. Katika nakala ile neno "fundi" lilikatwa kila lilipotokea, pakawekwa "msaidizi wa stoo", kwa sababu ndivyo mafaili ya kampuni aliyoifanyia kazi yanavyosema, na kwa sababu baba mkubwa anaona msibani si mahali pa kufufua ugomvi. Baba mkubwa atatuwia radhi, lakini marehemu aliacha ombi moja tu, kwamba azikwe akiitwa fundi, na ombi la marehemu halipigiwi kura.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga nafaka aliyokuwa akiiendesha babu yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na bibi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alilala fofofo mashine ikinguruma, ila ikizimwa tu aliamka na kuwaamsha majirani. Alianza darasa la kwanza Januari 1958 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akamaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Novemba 1969, akafaulu vizuri hesabu na fizikia, na akafeli ushonaji bila kuona haya.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika gereji kuu ya kampuni ya usafirishaji, na ingawa aliomba ufundi aliwekwa stoo, kwenye dirisha dogo la wavu, atoe gasketi, fani belti na nozeli, aandike nani kachukua nini, maana mkuu wa gereji wa wakati huo alisema mwanamke akiinamia injini wanaume hawatafanya kazi. Hakubishana naye, aligeuza meza yake ikatazamana na uwanja wa magari, na kila injini iliyowashwa pale aliisikiliza kama mtu anavyosikiliza hatua za watu wa nyumbani kwake.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na mchomeleaji wa gereji hiyohiyo, ambaye ndiye mzee wetu aliyekaa hapa mbele, na ambaye alimposa kwa kutengeneza rafu za stoo mara tatu, wakati stoo ilihitaji rafu mara moja. Walijaliwa watoto wanne, waliozaliwa mwaka 1976, 1979, 1982 na 1988, na wajukuu tisa.

Sasa tunafika Agosti 1979, na hapa ndipo kamati ilipokata ukurasa mzima. Mkurugenzi alileta Mercedes ya dizeli yenye silinda tano, ya kwanza ya aina hiyo kuingia pale, na msimamizi wa mafundi, aliyezoea silinda nne na sita, akausikia mlio wake unaochechemea, akaamua inamisi, yaani silinda moja haiwaki, akaamuru silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ifunguliwe. Ilifunguliwa, kosa halikuonekana, ikafungwa kwa gasketi mpya, ikawashwa, ikachechemea vilevile, na alipoamuru ifunguliwe mara ya pili marehemu alitoka stoo, akiwa na mimba ya miezi sita, akasema injini hii haiumwi, silinda tano ndivyo zinavyoimba, mkiifungua tena ndipo mtakapoiua. Aliambiwa arudi dirishani. Hakurudi, alikwenda kukaa juu ya bampa la gari lile na tumbo lake, akakaa mpaka mkurugenzi alipokuja, akamweleza, wakaliendesha, na gari lile likatembea miaka ishirini na minne bila silinda hedi yake kuguswa tena. Barua ya pongezi iliandikwa kwa jina la msimamizi, na marehemu akapewa barua ya onyo kwa kuacha kituo chake cha kazi. Barua ya onyo tunayo, aliitunza pamoja na cheti chake cha ndoa.

Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, fundi aliyeshindwa aliliacha gari likiunguruma uwanjani, akaja dirishani kana kwamba anafuata gasketi, na kuondoka na jibu, kwamba ni nozeli ya tatu, au ni vali imebana, au ni wewe mwenyewe umekosea taimingi. Mafundi saba waliofunzwa hivyo kupitia wavu wako hapa leo, wana gereji zao, na hakuna hata mmoja aliyefunzwa na faili.

Kila Jumamosi baraza ya nyumba yetu ilijaa wapenzi wa injini, wakibishana ni ipi iliyo kubwa kuliko zote, dereva wa teksi akiitetea Folksi ya silinda nne zilizolala, isiyojua rejeta wala maji, vijana wakiiapia Toyota ya silinda sita za mstari, yenye bloku la chuma linalobeba turbo bila kulalamika, na mwalimu wa jirani akitokwa na machozi kwa Ferrari ya silinda kumi na mbili aliyoisikia kwenye kaseti tu. Marehemu aliwaacha wachoke, kisha akawaambia kwamba mbio hata jiwe linaloporomoka linazo, injini kubwa ni ile inayokusamehe, uliyeichelewesha oili, uliyeipa dizeli chafu, na bado kesho asubuhi inawaka. Walimpinga kila wiki, na kila wiki walirudi.

Alianza kuugua Oktoba 2021, na daktari alipomweleza kwamba vali moja ya moyo haifungi sawasawa, alimuuliza ni ya kuingiza au ya kutolea, na hakukubali kulala kitandani mpaka alipochorewa. Alifariki tarehe 11 Mei 2024, saa tatu asubuhi, wodini, akiwa na miaka sabini na mitatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mzee, na sisi bado hatujui nyumba hii itakaaje bila yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao mbele ya maswali yake, majirani kwa kuivumilia baraza yetu yenye kelele, na wenzake wa gereji kwa kuja kwa wingi. Tunamshukuru pia msimamizi mstaafu, aliyeketi safu ya tatu, hatumtakii aibu, tunamwomba tu asiondoke kabla ya kaburi.

Huko kaburini mtakuta kibao cha chuma alichokichomelea mzee wetu jana mchana, huku wale mafundi saba wakimshikia, na chini ya miaka yake kuna maneno matatu, fundi wa injini. Atakayetaka kuyatoa aje na mashine ya kusagia chuma, atamkuta mzee amekaa palepale.

Pumzika sasa, mama, kwa amani waliyokunyima kazini. Pumzika, fundi.