Nafasi ya Byron

Base yetu, kijiwe chetu cha soga, iko mtaani Nyalenda, hatua chache kutoka bomba la maji. Benchi ni mbao za boti kuukuu. Miguu ya chuma niliichomea mwenyewe, mimi fundi Moto, kwa hivyo mtu asinifundishe mahali pa kukaa. Kahawa anatuuzia Simiyu, mwenye birika. Juzi asubuhi ilitushinda kumeza, maana habari ilikuwa imefika: Byron, tuliyekua naye, amepanda ndege kwenda Ujerumani kulala. Ndiyo, kulala. Wataalamu wa mambo ya anga wanamlipa akae kitandani miezi miwili, asiinuke hata kwenda choo, kichwa kimeshushwa chini kuliko miguu, wapime jinsi mwili unavyoharibika huko juu.

— Kulala! nikasema. Mimi nimelala tangu nizaliwe, nani amewahi kunilipa?

— Moto, poa kwanza, akasema Dishon, fundi wa redio tunayemwita Injinia. Si usingizi huo. Kulala hivyo kunaiga anga, na angani mtu hana uzito. Damu inapanda kichwani, uso unavimba, miguu inakonda kama ya korongo. Hata mifupa inaliwa.

— Inaliwa na nani? akauliza Njenga, muuza viazi. Jina lake la base ni Kilo, na mizani yake siisemi leo.

— Inajila yenyewe, omera, ndugu yangu. Haina kazi.

— Basi wahenga walijua! akasema Kilo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndio maana wamemwinamisha kichwa.

— Na mkojo wao huko juu wanauchuja wanakunywa tena, Simiyu akadakia akimimina.

— Afadhali wao wanachuja, nikamwambia. Sasa nisikilizeni. Shida kubwa ya angani ni kufungiwa pamoja mpaka watu wanachukiana. Hapa Nyalenda tunalala sita chumba kimoja. Mmoja akitaka kugeuka, lazima wote wakubaliane. Nani amezoea kutushinda? Halafu wanamchukua Byron, mtu anaogopa hata boti za ziwani Dunga!

— Wanaanza na kitanda, wanamaliza na Mars, akasema Kilo. Huko atakatiwa shamba. Utasikia anauza ploti, na sisi tunapanga kwake.

— Mimi ndio nina mgongo wa kulala, Injinia akalalamika. Muulizeni mke wangu.

— Mgongo gani? nikamkata. Mimi nabeba jenereta peke yangu! Nafasi ile ilikuwa yangu.

— Yangu! Gunia la viazi naliinua kama mtoto mchanga.

Hapo ndipo tulipomwona Mama Dorca, mamake Byron, amesimama nyuma yetu.

— Hongera, Mama! tukasema wote, kwa meno tu.

Hakuketi.

— Vijana, mnajua Mzee wangu hajatoka kitandani tangu apigwe na kiharusi. Byron ndiye alikuwa anamwinua kila asubuhi, anamgeuza, anamnyoosha miguu isikauke. Jana nimejaribu peke yangu. Tumeanguka wote wawili.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Nimesikia kila mtu anataka nafasi ya Byron. Na hii ya hapa, nani anaitaka?

Injinia akashika mgongo wake. Kilo akaanza, “Wahenga walisema…” akasahau walisema nini. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kunipungukia, nikakagua miguu ya benchi kana kwamba ilichomewa na mtu mwingine.

Simiyu akainamisha birika. Yakatoka machicha.

— Kahawa imeisha, akasema, na hakuna aliyekuwa ameomba.