Siku Niliyoimwagia Petroli Landrova Yangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nasema tena: apewe sifa! Naona safu ya mbele mmeitika kidogo. Najua kwa nini. Mnanijua, na mnajua ninachokuja kusema. Vumilieni. Mimi nilivumilia zaidi.

Jina langu ni Candiru. Nimezaliwa Dadamu, nikaolewa Dranya, kwa Wakakwa. Wanaojua Kilugbara wanajua maana ya jina langu: taabu. Sikuja kuwaambia jinsi nilivyoacha pombe, maana sikuwa nikinywa. Nimekuja kusema jinsi Bwana alivyoniokoa nikiwa na kiberiti mkononi, na nani aliyemtuma aniokoe. Na nitasema kwa hasira, kwa sababu hasira ile bado ninayo.

Mume wangu Lemi alikuwa fundi wa magari. Serikali ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, na askari wa serikali mpya wakaja wakichoma nyumba, tulikimbia kama watu wote wa Koboko, tukavuka mpaka kuingia Zaire. Huko Ariwara Lemi alitengeneza malori ya wachuuzi wa kahawa. Mimi nilimwoshea vyuma kwa petroli. Mwanzo niliosha tu. Halafu nikajua kila chuma kinakaa wapi. Lemi hakuwa mtu wa kuficha kazi. Alikuwa akinishika mkono, ananiwekea kiganja juu ya injini inayonguruma, ananiuliza, "Silinda gani inaumwa?" Nikikosea anacheka, nikipata ananyamaza.

Ugonjwa wa tumbo ulimchukua kwa siku nne. Tulimzika huko huko, ugenini. Niliporudi Uganda nilikuwa na watoto watatu, cherehani moja na sanduku lake la spana.

Nilirudi pia na mama mkwe wangu, Mama Zainabu. Sikilizeni habari zake vizuri. Yeye ni Mwislamu. Aliolewa na Mkristo, wanawe wawili, Lemi na Elia, wakabatizwa, naye akabaki na sala zake tano. Tuliporudi Dranya aliwekwa nyumbani kwa Elia, kwa sababu Elia ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Mimi nilipanga chumba Koboko, nikawa nashona nguo sokoni.

Sasa, nyuma ya stoo ya tumbaku pale Koboko kulikuwa na Landrova pikapu ya zamani, ya enzi za Waingereza. Ilikuwa imezama ndani ya nyasi. Mti ulikuwa umepenya kwenye boneti ukatoa majani juu. Niliizunguka siku tatu. Mwenye stoo akaniuliza, "Mama, unataka kufuga kuku ndani?" Nikamwambia naitaka iende. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaitaja cherehani yangu ya sokoni.

Nikampa cherehani, ndugu zangu! Watu walisema mjane amechanganyikiwa. Labda. Lakini nilijua kushona hakutanisomeshea watoto watatu, na nilijua kitu kingine ambacho wao hawakukijua: nilikuwa nimetia kidole kwenye tundu la plagi, na ndani ya injini maji hayakuwa yameingia.

Lori moja liliikokota hadi Arua, mpaka hapa Mvara, kwenye uwanja wa Papa Faustin, fundi aliyetoka Kongo. Aliingia chini yake, akatoka amejaa vumbi la kutu usoni. Akasema, "Mama, bodi iko muzuri. Ile bati yake haishike kutu. Lakini chasisi imekwisha, imekuliwa yote. Mutu wa akili anaacha."

Nikamjibu, "Papa, mimi sina akili. Nina watoto."

Tulipatana hivi: mchana nitamfanyia kazi zake, na saa zake za jioni atanipa mimi, pamoja na mashine yake ya kuchomelea. Miaka miwili! Miaka miwili nililala chini ya chuma kile. Pistoni zilikuwa zimeganda. Tulimimina mafuta ya taa na oili ndani ya silinda, tukangoja, tukamimina tena. Kila asubuhi nilitia hendeli ya kuzungushia mbele ya injini nikasukuma kwa uzito wangu wote. Haikutikisika. Wiki ya tatu ikasogea kama upana wa kidole. Nilipiga vigelegele mpaka wanafunzi wa misheni wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Springi zililetwa kutoka Kongo juu ya baiskeli. Kabureta niliitoa kwenye gari bovu lililobaki kando ya barabara ya Koboko. Mbao za nyuma nilizipasua mwenyewe. Rangi ya kijani niliipaka kwa brashi, na mistari ya brashi inaonekana hata leo.

Katika miaka hiyo miwili shemeji yangu Elia alipita uwanja ule mara nyingi. Alikuwa mzee wa kanisa kule kwao, anakuja Mvara kwa mikutano. Hakuniletea hata nati moja. Alikuwa anasimama, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Na wengine wenu mlikuwa mnatembea naye. Msitazame chini. Mlikuwa naye.

Siku ilipowaka, Papa Faustin alivua kofia. Niliiendesha mwenyewe mpaka Koboko. Nikaanza kubeba mihogo na tumbaku kutoka vijijini, kubeba wagonjwa, kubeba wanawake waliofikia siku zao za kujifungua. Kwa mara ya kwanza tangu Lemi afe, watoto wangu walikula bila kuniuliza kama kesho pia tutakula. Haleluya!

Ndipo Elia akakumbuka kwamba mimi ni shemeji yake.

Alikuja na watu wawili, kwa adabu sana. "Shemeji, tunaomba gari kidogo. Iko matofali ya kanisa ya kubeba." Matofali ya kanisa! Ningesemaje? Nikampa ufunguo. Siku ikapita, ya pili ikapita. Siku ya tatu nikaenda Dranya kwa miguu. Nikaikuta Landrova yangu uani kwake, imefunikwa turubai. Hakuna matofali.

"Shemeji, nimekuja kuchukua gari."

Hakunitazama hata. "Gari ya kaka yangu iko kwa mdogo yake," akasema. "Sisi tulikuoa na ng'ombe. Kitu iko yako, iko yetu."

"Kaka yako alikufa gari hii iko kwa nyasi!"

"Nani anajua hiyo?" akasema. "Wewe tu."

Ndugu zangu, nilirudi nikaja hapa. Si kwa polisi, si kwa mganga. Nilikuja kwa ndugu zangu katika Kristo. Wazee watatu wa kanisa hili walinikalisha kwenye benchi lile pale. Wakaniambia, "Dada, mali ya dunia inapita. Samehe. Usiaibishe kanisa mbele ya Waislamu." Mkaniombea, mkaniwekea mikono kichwani ili nitulie! Mmoja wenu, na sitamtaja, alikuja kwenye kikao kile na pikipiki mpya. Baada ya maombi niliisikia ikiwaka nje. Yake haikupita. Iliyopaswa kupita ilikuwa yangu peke yake.

Nilitoka hapa nikiwa nimemkasirikia Mungu. Nasema neno hili wazi mbele ya madhabahu yake, yeye analijua. Nikasema, kama nyumba yako ndivyo inavyohukumu, basi kaa na nyumba yako.

Baadaye nikasikia Elia amepata mnunuzi, mfanyabiashara atakayekuja Jumamosi kuichukua. Siku ya Ijumaa nilijaza petroli kwenye chupa mbili, nikachukua kiberiti, nikaenda Dranya. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Elia alikuwa ameshuka Koboko. Nilivuta turubai nikalitupa. Nikamwaga petroli juu ya viti, juu ya zile mbao nilizozipasua kwa mikono yangu, juu ya boneti. Sikulia. Nilikuwa nimekauka kabisa. Nilisema moyoni: kama si yangu, haitakuwa ya mtu.

Nikatoa kiberiti. Nikasikia mlango wa nyumba ndogo unafunguliwa.

Mama Zainabu alitoka, miguu bado ina maji ya kutawadha. Alinusa hewa. Akaniangalia, akaangalia kiberiti. Alikuja polepole, magoti yake yanamsumbua, akafungua mlango wa Landrova, akapanda, akakaa juu ya kiti kilicholowa petroli. Akavuta mlango ukafunga.

"Mama, toka," nikamwambia.

"Choma."

"Mama, nakuomba, toka!"

"Mimi ilizika baba yao. Ilizika Lemi kule Zaire, wewe ilikuwa kando yangu," akasema. "Sasa kitu ya Lemi iko mbili tu: watoto yake, na ile kazi alikutia kwa mikono. Iko hapa, kwa gari hii. Unataka kuchoma hiyo? Choma na mimi basi. Mimi hapana toka."

Ndugu zangu, kiberiti kiliniponyoka. Nikakaa chini katika tope la petroli, nikalia kwa sauti ambayo sikuitoa hata Lemi alipokufa. Nikasema, "Mungu hayupo, mama. Hanioni."

Yule mama akatoa kichwa dirishani. Akaniuliza, "Nani alinipandisha hapa na magoti haya?"

Hapo hapo, ndugu zangu! Hapo ndipo nilipookoka. Sikuwa kwenye benchi lile, wala mikono yenu haikuwa kichwani kwangu. Nilimwona Bwana amekuja kwangu amekaa juu ya petroli, amekataa kutoka. Apewe sifa!

Kisha akashuka, akanishika mkono. "Simama. Tunakwenda kwa mwenyekiti." Alinuka petroli toka mgongoni hadi miguuni. Tulikwenda hivyo hivyo njia nzima, watu wanatupisha.

Mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji, alikuwa mkulima wa mihogo, mtu wa maneno machache. Aliagiza Elia aitwe na Landrova iletwe, na kesho yake asubuhi baraza likakaa kwenye veranda ya shule. Mnunuzi naye alikuwepo. Elia alikuja amevaa koti. Akasema marehemu kaka yake alinunua gari kabla ya kufa, na mimi nililikuta tu.

Mwenyekiti akamuuliza, "Wakati kaka yako alinunua, gari ilikuwa na ugonjwa gani?"

Elia akasema, "Ugonjwa ya kawaida tu."

Nilipoulizwa mimi, nilianza chasisi nikaenda mpaka kabureta. Nilitaja kila mahali pa kuchomelea, na vijana wawili wa baraza wakaingia chini kuangalia. Kila mara walipaza sauti, "Iko!" Lakini wanaume walikuwa bado wanaguna. Ndipo Mama Zainabu akainuka.

"Elia nilimzaa mimi. Lemi nilimzaa mimi. Lemi alikufa mbele ya macho yangu, hapana gari, hapana baiskeli hata. Huyu mtoto yangu anasema uongo. Gari iko ya huyu."

Elia akamsogelea akasema chini chini, lakini sote tulisikia, "Mama, sasa utakula wapi?"

Akamjibu kwa sauti, "Mimi ilikunyonyesha bila kuuliza nitakula wapi."

Mnunuzi alichukua kofia yake akaondoka. Mwenyekiti akamnyooshea Elia mkono apewe ufunguo. Elia alitupa ufunguo chini kwenye saruji. Niliuokota mimi, na sikuona aibu kuinama.

Mama Zainabu alipanda kando yangu na mkeka wake na birika lake, na tangu siku ile anakaa kwangu. Elia hajaniomba msamaha hadi leo. Mnaniuliza kama nimemsamehe. Namwombea. Meno yangu yamebanana, lakini namwombea, na Bwana anapokea hivyo hivyo. Hasira yangu hakuiondoa. Aliitoa kwenye kiberiti akaipeleka mahali pa haki.

Na ninyi mmeniuliza mara tatu mama yule ataokoka lini. Mimi nawauliza: ninyi mtaokoka lini?

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Papa Faustin. Namshukuru kwa ajili ya mwenyekiti yule. Namshukuru kwa ajili ya mama aliyekubali kukosa nyumba ili mimi nisipoteze roho. Mjane uliye hapa, mwamini Bwana! Usikubali kuambiwa ungoje haki yako mbinguni. Huyu Mungu anafika uani mchana wa saa saba.

Sasa namaliza. Dada Ondoru, simama watu wakuone. Huyu alizika mume wiki iliyopita. Leo mchana huu ndugu wa mume wanakuja kwake, Dadamu, kung'oa mabati ya nyumba juu ya watoto. Nimeambiwa asubuhi. Kwa hiyo sitangoja wimbo wa mwisho. Landrova iko nje, nyuma kuna nafasi ya watu kumi na wanne, na mwenyekiti wa kule ameshapelekewa habari. Sihitaji maombi ya kuniwekea mikono. Anayemwamini Bwana, apande.