Koti la Studio: Mzee Lenox Kombe Matano, 1957–2025

Mzee Lenox Kombe Matano alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa Mzee Matano na Mama Kache. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, akaacha mwaka 1972 baba yake alipofariki.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha magunia hapa Mwakirunge, Kisauni. Baada ya miaka mitano alinunua kamera, akawa anawapiga wenzake picha kila Jumapili. Kiwanda kilipofungwa Juni 2004, wengi walihama. Yeye alibaki, akafungua studio ya chumba kimoja mkabala na geti. Alipiga alichokiona: nyasi zikilipanda geti, akina mama wakianika muhogo pale magunia yalipokuwa yakipakiwa, nyumba za wafanyakazi zimebaki na makufuli tu. Lakini hakukubali kumpiga mtu akiwa mnyonge. Waliokwenda kutafuta kazi kwingine walihitaji picha ndogo za maombi, na wengi hawakuwa na koti, basi akawaazima lake la kijivu. Ndiyo maana albamu zake zina sura zaidi ya mia tatu na koti moja. Rafiki yake Stambuli alilivaa mara tano.

"Wallahi Lenox," alimwambia, "hili koti sasa lanijua kuliko mke wangu."

Mara ya tano akapata kazi bandarini.

Koti hilo Mzee alishonewa kwa harusi yake na Pascalia, tarehe 8 Desemba 1984. Pascalia alilipiga pasi kila Jumamosi, akinung'unika kwamba mumewe amekigawia kijiji kizima harusi yao.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua Mzee. Mwezi uliopita mkewe alimwambia kuwa siku yake ikifika atavikwa koti lile. Alikataa.

"Mama Ruth, Dancun wa jirani anataka picha ya kazi. Mkinizika nalo, yeye avae nini?"

 Jibu hilo lilimuuma Mama sana, wala hakuficha. Mzee alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, kabla hawajaelewana.

Leo anazikwa na shati jeupe. Alfajiri Mama alilipiga koti pasi, akamvisha Dancun kwa mkono wake mwenyewe, na binti yao Ruth akampiga picha kabla jeneza halijatoka.

Ameacha mjane, Pascalia; watoto, Ruth na Kenga; wajukuu wanne; na koti moja, ambalo bado linaazimwa.

Mola ampumzishe pema.